Chungu cha Bia ya Ngano

Baba mdogo alipokuja kutupa pole hakumtazama mama usoni. Alitazama bati. Alikaa sebuleni kwetu Nyakato akisema maneno mazuri ya kufariji, huku kichwa amekiinua na macho yake yakitembea kutoka bati moja hadi jingine. Nilimchukia siku hiyo hiyo. Yeye alishafariki zamani, na mimi sijajitahidi sana kuacha.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipokwisha madukani. Sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa foleni, na bati ndiyo usiseme. Mtu aliyeezeka kwa bati alionekana ana mjomba serikalini. Baba aliijenga nyumba yetu kabla mambo hayajaharibika, akaiezeka vizuri, kisha akaugua na kutuacha mama na mimi. Watu wa baba walikuwa wa upande wa Butiama, na kwao mjane hakai hivi hivi. Msiba ukishapoa, wazee wa ukoo huja kunywa pombe yake, na siku hiyo huamuliwa kama atarithiwa na ndugu wa marehemu au atabaki peke yake kwenye mji wake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuupita. Mjane anapika pombe kwa mikono yake mwenyewe. Ya kununua au ya kupikiwa na jirani haihesabiwi. Anapiga magoti, anasema anachotaka, wazee wanakunywa. Chungu kikiisha kinapinduliwa mlangoni, na neno la mjane limepita, hakuna wa kulifufua. Pombe ikibaki chunguni, neno nalo limebaki, na neno lililobaki wanaume huenda kulimalizia wenyewe.

Mama alitaka kubaki. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa sekondari, na baba mdogo alishauliza mbele ya watu, "Kwani huyu anasomea upadri, mbona hamalizi?" Nilijua tukihamia Butiama daftari zangu zitawashia moto. Na nyumba ya baba ingebaki kuta.

Sasa, mama alikuwa ameokoka. Kanisani kwetu pombe ilikuwa dhambi ya wazi. Aliyeipika alitengwa, akahamishiwa benchi la nyuma, na meza ya Bwana akaitazama kwa mbali. Juu ya hilo, ulezi wa kupikia pombe hiyo haukuwepo. Mvua ilikuwa imetukimbia, na kidogo kilichokuwepo hakikuruhusiwa kusafiri. Mjomba, kaka yake mama aliyekuwa akilima Guta, alishona ulezi wake ndani ya godoro akapanda nalo gari la mizigo. Kwenye kizuizi cha Bunda wakalichana. Alirudi Guta hana ulezi na hana godoro.

Siku habari hiyo ilipotufikia mama alikaa jikoni mikono mapajani. Nilikasirika. Mimi nikiogopa huwa nakasirika, na hasira yangu hutafuta kitu cha kushika. Nikaanza kupangua stoo, nikarusha ndoo huku na sufuria kule, mpaka nikafika kwenye boksi la mzungu.

Huyo mzungu alikuwa wa mradi wa maji, na mama alikuwa mpishi wake. Alipohitimisha kazi akarudi kwao, alimwachia mama chandarua, sufuria, na boksi ambalo sisi tulidhani ni jemu. Nililigeuza nikasoma maandishi ya ubavuni. Nikasoma tena. Ilikuwa bia ya ngano, ya kutengeneza mwenyewe nyumbani. Ndani mlikuwa na kopo kubwa la kimea cha ngano kilichopikwa mpaka kikawa kizito kama asali, pakiti ndogo ya hamira, ndoo nyeupe yenye koki na kifuniko cha kubana, kibomba cha kutolea hewa, na karatasi ya maelekezo.

"Ngano?" mama akasema. "Ngano si ya maandazi?"

"Kimea ni kimea, mama."

"Nitakuwa nimeipika mimi?"

"Utaichemsha wewe, utaikoroga wewe. Mimi nitasoma tu."

Akalishika lile kopo, akalipima kwa mkono kama anayenunua mhogo. "Basi ni ya kwangu," akasema.

Maelekezo yalidai sukari, tena nyingi. Mama akatoa yote tuliyopewa kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, na tangu hapo tukawa tunakunywa chai ya chumvi. Tulipikia chumbani, mlango tumeufunga, kwa sababu mzee wa kanisa alikaa nyumba inayotazamana na yetu. Kile kimea kikachemka kikatoa harufu tamu ambayo ingemwamsha hata mlevi aliyetubu. Nikakaa mlangoni nakaanga dagaa ili kuifunika harufu hiyo. Nilikaanga mpaka jirani akauliza kama tumefungua hoteli.

Ilipopoa tukamimina ndani ya ile ndoo, tukanyunyiza hamira, tukabana kifuniko. Karatasi ilisema kibomba kitaanza kutoa mapovu. Tulikaa tukakitazama. Kesho yake mama aliweka sikio kwenye ubavu wa ndoo, jinsi wapika pombe wanavyosikiliza chungu.

"Imelala," akasema.

Siku ya pili yake akasikiliza tena. Imelala. Nikachukua ile pakiti ya hamira nikatafuta tarehe, nikakuta muda wake ulishapita. Sikumwambia. Wazee walishaleta salamu kwamba watafika Jumamosi, na sukari yote ya nyumba ilikuwa ndani ya ndoo ile, maji matamu ya kahawia yaliyokuwa yanatutazama tu. Nilitoka nje nikaupiga teke mti wa mpapai.

Niliporudi nilimkuta mama amesimama juu ya kitanda, mkono ameupenyeza kati ya boriti na bati. Akatoa mwiko mrefu, mweusi, uliofungwa kwenye kipande cha kanga. Niliukumbuka kutoka utotoni. Ulikuwa wa bibi, na kwa mwiko huo mama alikuwaga anapika pombe ya ulezi kabla hajaokoka.

"Si uliuchoma?"

"Nilimwambia mchungaji nimeuchoma. Wewe hukuniuliza."

Nikachukua birika niumwagie maji ya moto, kwa sababu karatasi ilisema kila kitu kinachoingia kwenye ndoo kichemshwe kwanza. Akaunyanyua juu nisiufikie.

"Mwiko wa pombe hauoshwagi, mwanangu. Ukiuosha ni mti tu."

"Utaiharibu!"

"Imeshaharibika. Nipishe."

Akafungua kifuniko, akakoroga taratibu, midomo ikicheza. Hata sasa sijui kama alikuwa anaomba kwa Mungu au anamwita mama yake. Ule mwiko ulikuwa na magamba ya pombe za miaka mingi, na chachu ni kiumbe cha ajabu, hulala kikavu kikasubiri. Labda ilikuwa mwiko. Labda hamira ya mzungu ilikuwa inachelewa kuamka tu. Asubuhi iliyofuata kibomba kilikuwa kinagugumia kama mtoto anayenyonya, na mama na mimi tulishikana mikono tukaruka bila kutoa sauti.

Jumamosi wakaja. Wazee wa ukoo walipangwa sebuleni kuzunguka chungu, na baba mdogo kati yao, kwani ndiye aliyewaleta na ndiye aliyewaandalia beberu wa jioni huko Butiama. Nje walikaa akina mama wa kwaya waliokuja kutusaidia kupika ugali na sato, pamoja na yule mzee wa kanisa, aliyejiwekea kiti mkabala na mlango. Mama alikuwa amewaambia kwamba wazee wa ukoo wanakuja kwa mila zao. Hakuwaambia nani amepika.

Mhudumu wa chungu alikuwa shangazi, dada wa baba. Sikujua yuko upande gani. Alimimina bia ya ngano kwenye chungu, akaionja kidoleni, akakunja uso, kisha akainua birika la maji yanayochemka. Pombe yao hunywewa ya moto. Bila maji ya moto haijaandaliwa.

"Shangazi, hii haitaki moto," nikasema. "Imeandikwa inywewe ya baridi."

"Wazee wanywe pombe ya baridi kama maji ya mtungi? Unataka kuwaua matumbo?"

Akamimina. Chungu kikafura. Povu jeupe likapanda, likavuka mdomo, likashuka ubavuni na kutambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya wazee. Baba mdogo akainua viatu vyake. Pombe yetu ilikuwa inaendelea kwenda.

"Amarwa yetu ya ulezi haifanyagi hivi," baba mdogo akasema kwa upole. "Wazee, mnaona wenyewe. Marehemu amekataa."

Shangazi bado ameshika birika. Akalitazama povu, akamtazama mdogo wake.

"Huyu ni kaka yangu kabisa," akasema. "Ndivyo alivyokuwaga. Ukimmwagia cha moto anafura, anajaza nyumba. Halafu anatulia. Subirini."

Mzee mmoja akacheka, wengine wakafuata, na povu likatulia kweli. Mama akapiga magoti.

"Nataka kubaki hapa," akasema. "Nataka mtoto amalize shule. Mume sitaki."

Wazee wakaingiza mirija yao mirefu. Mkubwa wao, aliyekuwa haoni vizuri, akavuta, akavuta tena. "Haina unga," akasema. "Inapandaga puani." Lakini hakuutoa mrija. Nilisimama ukutani nikiangalia pombe inavyoshuka, nikivuta pamoja nao kwa koo langu. Ilishuka nusu. Ikapita nusu.

Ndipo baba mdogo alipouondoa mrija wake, akaupangusa kwa kitambaa, akauweka magotini.

"Pombe ni ya mzungu hii, siyo ya mjane," akasema. "Mimi naishia hapa. Wazee wangu, twendeni, beberu anasubiri. Hili neno tutalimalizia nyumbani."

Hakupandisha sauti. Hakuhitaji. Mmoja baada ya mwingine wakatoa mirija. Hata mkubwa wao akatoa wake, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeona aibu. Chunguni ilibaki pombe ya kutosha kutuhamisha.

Mama akasimama. Akachukua kata ya maji iliyokuwa juu ya mtungi, akaja akachutama penye chungu.

"Mama," nikamnong'oneza, "mzee wa kanisa anakuona."

"Na mimi namuona," akasema, akachota, akanywa.

Alijua anachofanya. Jumapili iliyofuata alitajwa mbele ya kanisa zima, akakaa benchi la nyuma mpaka mimi nikamaliza shule, na baadhi ya wale akina mama wa kwaya hawakumwamkia tena mpaka maduka yalipofunguliwa na bia za kila nchi zikapangwa barabarani. Yote hayo alikuwa ameshayakubali kabla kata haijafika mdomoni. Alikunywa amefumba macho, kama anayekunywa mwarobaini. Akachota tena. Shangazi akaja bila kuitwa, akakishika chungu akakiinamisha ili kata iifikie pombe ya chini.

"Shemeji," baba mdogo akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda, "mwanamke hamalizagi chungu cha wazee!"

Mdomo wa mama ulikuwa na kazi. Baba mdogo akamgeukia mkubwa wao. "Mzee, mwambie."

Mzee alifikiri. Alifikiri huku kata inashuka na kupanda, na nina hakika hakuwa na haraka.

"Mimi nilisikiaga kwa baba yangu kwamba kiishe," akasema mwishoni. "Kimalizwe na nani, sijasikiaga."

Kata ya mwisho ilikuwa machicha tu ya chini. Mama akayameza. Akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akakaa sakafuni palepale kwenye unyevu wa lile povu, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani.

"Pindua," akaniambia.

Nilikibeba chungu kifuani mpaka mlangoni, nikakipindua kwenye kizingiti mbele ya wazee, mbele ya kwaya, mbele ya mzee wa kanisa. Halikudondoka hata tone. Wazee wakainuka wakatoka, kila mmoja akikizunguka kwa adabu, ishara kwamba amelikubali neno. Baba mdogo alitoka wa mwisho. Alisimama kidogo katikati ya sebule, akatazama bati kwa mara nyingine, kisha akakizunguka chungu akaenda zake.

Mama hakuwa anaona vizuri tena. Akaushika mkono wangu.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Amekizunguka chungu?"

"Amekizunguka."

Ndipo akaanza kulia, kwa sauti, akimwita baba kwa jina lake. Hakuwa amelia tangu tulipomzika.