Pesa ya Njia

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka naona haya. Ni asubuhi niliyotoka nyumbani kwetu Juru, hapa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nikapanda lori la mahindi kwenda Mbarara kumtafutia mdogo wangu Neema kazi ya nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na darasani kwao alikuwa wa pili.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikusikia ukilalamika kwamba bei zimepanda na hujui upunguze nini tena nyumbani kwako. Mimi nilishapunguza, nikapunguza vibaya. Niliacha shule mapema, baba na mama walipofariki, nikabaki na Neema na mdogo wetu Bahati. Kabla ya kukata roho, mama alinishika mkono akaniomba nisikubali sisi watatu tutawanyike. Basi hesabu nilizokuwa nazo ni za jikoni, na hizo nilidhani hakuna wa kunifundisha.

Mwaka ule vitu vilipanda kila wiki. Unamtuma mtoto dukani na pesa iliyotosha juzi, anarudi mikono mitupu. Nikaanza kupanga upya matumizi. Kwanza niliondoa sukari. Bahati akaonja uji, akaweka kikombe chini, akaniita kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa:

"Yaya, hii ni uji ya bagonjwa."

"Basi kunywa upone," nikamjibu.

Baadaye nikaondoa mafuta ya kupikia, tukala maharagwe ya chumvi tu. Yakafuata mafuta ya taa, tukawa tunakula jua lingali juu. Hayo maharagwe yenyewe tulikuwa tunanunua sokoni kwa kikombe, na kikombe cha wauzaji kilikuwa kinazidi kuwa kidogo. Mwisho sikuona cha kupunguza ila mtu. Neema akienda kwa watu, nikawaza, tutabaki wawili wa kula, na mshahara wake utatusaidia.

Nilipomwambia, hakulia. Alisema tu, "Yaya, vitabu yangu utamupa Bahati. Asipasule, ni ya mwaka kesho." Ingekuwa afadhali angelia.

Sasa nikuambie kitu nilichokuwa naificha hata nafsi yangu. Kiunoni, ndani ya kitenge, nilikuwa nimefunga pesa. Tuliiita pesa ya njia. Siku tuliyokimbia vita kwetu Kivu, ghala letu lilikuwa limejaa, tukaliacha vile vile, mlango wazi. Kilichotuvusha mpakani ni noti chache ambazo mama alikuwa amezifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Nikajifunza siku ile kwamba chakula hakikimbii na mtu, pesa ndiyo inayokimbia naye. Kwa hiyo kila tulipovuna niliuza maharagwe yote wiki ile ile, hata ya mbegu. Nusu ya pesa ilitumika nyumbani, nusu nikaifunga kiunoni. Hiyo ya kiunoni sikuihesabu kamwe nilipopanga matumizi. Ilikuwa kama si pesa. Wengi tuliotoka kule tulifanya hivyo, na hakuna aliyeona kosa.

Mbarara nilikwenda kwa Mama Kato, mke wa askari aliyekaa katika kambi ya jeshi. Kila mavuno alinunua kwangu gunia la maharagwe, na askari wa getini walikwishanizoea. Nilimkuta mbele ya nyumba yake, ungo mapajani, anachambua maharagwe.

"Eh, nyabo wa Nakivale! Leo umeleta nini?"

"Leo nimekuja na neno, mama. Nina mdogo wangu wa kike. Anajua kufua, anajua kupika, hana maneno mengi."

Akaacha kuchambua. "Iko na miaka ngapi?"

"Kumi na mitatu."

"Na shule?"

Nikamweleza bei za vitu. Nikamweleza kwamba maharagwe tunanunua kwa kikombe, na kikombe hakishibishi watatu.

"Munanunua?" Alicheka mpaka jirani akachungulia. "Banange! Hii nachambua ni maharagwe yako! Ile gunia uliniuzia wakati ya kuvuna, mimi bado nakula. Wewe mwenye kulima ndiyo unanunua?"

Nikaangalia chini. Akaniuliza kwa nini niliuza yote, nami nikamsimulia habari za ghala letu la Kivu. Hapo hakucheka tena. Aliweka ungo pembeni.

"Sikiliza, dada. Mimi ni bibi ya askari. Nimehama mara tano. Barua inakuja, lori inakuja, naenda. Lakini kila pahali nafika, kitu ya kwanza ni gunia kwa nyumba. Wakisema toka, nagawia jirani, naenda. Nalia siku moja. Wewe unalia kila siku." Kisha akanyoosha kidole. "Na hapo kwa kiuno umefunga nini?"

Mkono wangu ulikuwa umeshafika pale bila mimi kuutuma. "Ni pesa ya njia, mama."

"Njia ya kwenda wapi?"

Nikalikaza fundo. Kweli, mwanangu, miaka yote ile hakuna aliyeniuliza.

"Unaona? Uko na pesa, na unaleta mtoto aoshe sufuria yangu. Simuchukui. Na nikisikia umepeleka yeye kwa nyumba ingine hapa mjini, huko Kamukuzi, maharagwe yako usiniletee tena."

Nilikasirika. Nilimwona mtu aliyeshiba anayemfundisha mwenye njaa. Lakini alikuwa ameshavaa viatu, akaniongoza hadi kwenye duka la nafaka, akasimama karibu yangu mpaka nikafungua fundo. Noti zilikuwa laini kwa jasho. Pesa ambayo wakati wa mavuno ingenunua magunia mawili ya maharagwe sasa ilitosha moja tu, na mbegu kidogo, chumvi na sabuni. Mwenye duka alitaja bei, Mama Kato akamkatiza: "Hiyo ni bei ya mchana. Sisi tumetoka nyumbani asubuhi." Yule bwana alicheka, akapunguza.

Niliporudi Juru, Neema alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye mfuko, ameuweka karibu na mlango.

"Yaya, ninaenda siku gani?"

"Huendi fasi yoyote. Leta daftari."

Tukakaa chini watatu. Bahati alipima gunia kwa kikombe chetu wenyewe, kile cha nyumbani kisichopungua, na Neema akaandika. Hatukuandika shilingi, maana shilingi ya leo si ya kesho. Tuliandika siku. Tunakula vikombe vingapi kwa siku, na hadi mavuno ni siku ngapi? Neema akapiga hesabu, mimi nisingeiweza, akasema tunapungukiwa wiki mbili. Basi tukapanga Jumatatu na Alhamisi tule sombe, yale majani ya muhogo, peke yake. Bahati alinuna, lakini tulifika mavuno, watatu, na Neema akiwa shuleni.

Siku za mwanzo bila lile fundo nilijihisi kama niliyetoka nje bila nguo. Nilizoea. Mavuno yale nilitenga kwanza chakula, nikatenga mbegu, kilichobaki nikauza kidogo kidogo kila tulipohitaji sabuni au ada. Pesa ya njia sikuiacha kabisa, sikudanganyi. Ila ilikuwa ya mwisho kutengwa, nayo niliihesabu kama pesa nyingine.

Basi, mwanangu, shika haya. Bei zikipanda, usikae na pesa mkononi ukidhani umeweka akiba. Igeuze mapema kuwa kitu ambacho nyumba yako itakula au itapanda. Hesabu siku za chakula kabla ya kuhesabu noti. Usiuze ulicholima ili ukakinunue kwa mwingine. Weka chini kila ulicho nacho, na kile unachokificha kwa hofu kiweke mbele kuliko vyote. Na watoto wa nyumba yako wasiingie kamwe katika orodha ya vitu vya kupunguza. Ukiona umefikia kuwaza hivyo, ujue umeruka kitu; rudi uhesabu tena, na umwite mwingine akusaidie kuhesabu.

Mungu abariki shamba lako na kazi ya mikono yako. Akupe jirani asiyeogopa kukukemea. Na kila jioni mkizunguka sahani, watoto wako wawepo wote, asikosekane hata mmoja.