Kilo Mbili za Winchi

Wifi yangu walimwita Winchi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Lori la mahindi likifika dukani, wapakuzi walishuka wawili kwa gunia moja. Yeye alishuka na lake peke yake, tena huku akiwauliza wakulima habari za watoto. Mume wangu, ambaye ni kaka yake na ndiye mwenye duka la nafaka, alipenda kusema nguvu hizo ni za urithi. Kama ni urithi, basi yeye fungu lake lilipotea njiani, maana hata mtungi wa gesi alimwita dada yake aje kuubeba.

Siku moja mwalimu wa michezo wa shule ya jirani alikuja kununua maharage. Akamwona Winchi akipandisha gunia juu ya rafu, akasahau maharage. Alimweleza kwamba uko mchezo wa kunyanyua vyuma, kwamba wanawake hushindana kwa makundi ya uzito wa mwili, na washindi hupelekwa ng'ambo.

"Nikishavinyanyua navipeleka wapi?" Winchi akauliza.

"Huvipeleki popote. Unaviachia hapo hapo."

Alidhani anataniwa.

Chama cha mchezo huo kilikuwa na ofisi moja, kiti kimoja na chuma kimoja cha kweli, na vyote vilikuwa mji mwingine. Redio yetu nayo ikimaliza kutangaza mpira husoma matokeo ya mpira. Kwa hiyo tulijitengenezea wenyewe. Fundi bomba alitoa bomba, sisi tukajaza saruji kwenye makopo ya rangi, na Winchi akafanya mazoezi stoo, nyuma ya duka. Kila kopo alilipima kwenye mizani ya stoo na kuliandika kilo zake kwa chaki. Mwenyewe alipanda mizani hiyo kila asubuhi kabla ya chai, kwa sababu kundi lake halikuruhusu zaidi ya kilo hamsini na tisa. Mizani ikasema hamsini na nane, miaka miwili mfululizo. Watu walisema yao. Mama mmoja alikuja kumposea mwanawe, akamkuta na chuma juu ya kichwa, akasema amekuja kuuliza bei ya mchele.

Sasa hiyo mizani. Tulikuwa nazo mbili: ya mbele ya kuuzia, na ya stoo ya kununulia mazao ya wakulima. Ya stoo ilikuwa na upendeleo kwetu. Katika kila kilo ishirini ilimeza moja. Mume wangu alijua, kwa sababu ndiye aliyeifungua kwa bisibisi. Mimi nilijua, kwa sababu ndimi niliyemshikia tochi. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini zetu zilikuwa zimefika miaka kumi na mmoja. Winchi hakujua lolote. Na sisi, Mungu atusamehe, tulimwona akipima makopo yake kila siku na wala hatukuwaza. Tulishazoea kwamba mizani ile inawapunja wakulima tu.

Siku ya mchujo wa kwenda ng'ambo tulikwenda ukumbi wa chuo, sisi na yule mwalimu. Wakulima thelathini walikuja kwa lori lao kumshangilia, wakiongozwa na bibi mmoja muuza maharage aliyempenda Winchi kama mjukuu wake. Winchi hakuwa amekula tangu jana yake mchana. Akaingia nyuma ya pazia kupimwa uzito, na punde tukasikia sauti yake.

"Mizani yenu mbovu."

Akatoka na taulo mabegani. "Wanasema sitini na moja, nimezidi mbili. Jana ya kaka ilisema hamsini na nane, na mizani ya kaka haijampunja mtu tangu izaliwe. Waulizeni hawa."

Wakulima wakaitikia kwa vichwa, wote thelathini. Mume wangu akainama kufunga kamba ya kiatu.

Msimamizi alikuwa mtu mpole. Alisema Winchi anaweza kushindana kundi la juu, ila huko anayetaka kusafiri lazima anyanyue kilo tisini. Winchi akakaa kwenye benchi, akaanza kufungua mkanda. Pale stoo alikuwa amekwama kwenye themanini na sita kwa miezi mitano.

"Basi, mwalimu," alisema. "Unene ninao, nguvu sina."

Gunia liliwahi kumwangukia mguuni asitoe chozi. Siku hiyo alilia. Nikamfinya mume wangu.

"Nenda ukamwambie."

"Wakulima wako pale."

"Nawaona. Nenda."

Akaenda, roho mkononi, akainama sikioni kwa dada yake. "Themanini na sita yako ni tisini na kitu. Mizani ya stoo inasoma pungufu."

Winchi akamtazama. "Unanifariji, kaka."

"Nakuapia."

"Kuapa ni rahisi. Kama ni kweli, waambie wao."

Wakati huo huo akaitwa. Mnyanyuaji akishaitwa ana dakika moja tu, na saa kubwa ukutani ilikuwa imeanza kuila. Mume wangu aliutazama mlango. Nilidhani anakwenda. Kisha akawageukia wakulima.

"Ndugu zangu, mizani ninayowapimia inakula kilo moja katika kila ishirini. Niliiharibu mimi mwenyewe."

Mkulima mmoja akasimama akikunja mikono ya shati, na yule bibi akamvuta chini kwa mkanda. "Kaa. Duka lake tunalijua lilipo. Binti amebakiwa na sekunde thelathini."

Winchi alikuwa ameshafunga mkanda. Niliona midomo yake ikipiga hesabu. Akaenda kwenye chuma, akachuchumaa, akakivuta mpaka kifuani, akapumua, akakisukuma juu. Magoti yalimtetemeka, nikashika kichwa. Chuma kikakaa juu. Msimamizi akapunga mkono, na tisini zikaanguka sakafuni kwa kishindo.

Walimbeba juu juu, wakulima sita, wakahema njia nzima. Aliposhushwa, kaka yake akanyoosha mkono ampongeze. Winchi hakuushika.

"Asante kwa kusema," alimwambia. "Lakini miaka minane nimeyabeba magunia yao kwa mikono hii, nikayaweka juu ya mizani ile. Mimi."

Tulirudi kwa lori la wakulima, kwa kuwa nauli nyingine hatukuwa nayo na wao hawakutukataza. Hakuna aliyemsemesha mume wangu. Yule bibi alikuwa kando yangu, na tulipofika njia panda akaniuliza taratibu kama na mimi nilikuwa najua. Nikamwambia nilijua. Akakusanya kanga yake, akainuka, akaenda kukaa na Winchi.