Maombi kwa Msichana wa Kompyuta

Kitabu chenyewe kilikuja kama nyongeza. Nilikuwa nimenunua vitabu vya kufundishia kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara, katikati ya jiji, naye alipoona nimechagua vitu vikavu vitupu akanitumbukizia riwaya nene ndani ya mfuko. Jaladani kulikuwa na msichana mwenye nywele nyekundu kakumbatiwa na mwanamume mwenye bastola, na nyuma yao jengo likiwaka moto. Mimi nafundisha fasihi katika shule moja upande wa Loresho, na nina kiburi changu. Nilikiacha mezani kwa mama, nyumbani kwetu mtaa wa Waithaka, nikidhani kitafaa kuwashia jiko.

Mama akakifunika kwa karatasi ya kalenda iliyopitwa na wakati, jinsi alivyokuwa akitufunikia vitabu vya shule. Kalenda ilikuwa ya kanisa, kwa hiyo mbele alikaa mchungaji na mkewe wakitabasamu. Kwa nje ungedhani ni kitabu cha ibada. Kwa ndani, magaidi walikuwa wametega bomu na kushika mitambo ya umeme ya mji mzima kwa kompyuta, na wa kuwazuia alikuwa msichana wa ofisini mwenye vidole vyepesi, akisaidiwa na askari aliyempenda lakini akaona haya kusema. Mwanzoni mama alijisomea kwa Kiingereza chake kidogo. Kisha akaanza kulalamika kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu. Nikabadilisha balbu. Akasema basi wachapishaji ndio wachoyo wa wino.

Ukweli ulikuwa machoni mwake na sote tuliujua. Zahanati ilishamwambia ana mtoto wa jicho, amwone mtaalamu mjini, na kwamba akizidi kuchelewa huenda asione tena. Lakini mama hakanyagi mjini. Miaka mingi iliyopita bomu lililipuka huko, na mdogo wake, aliyekuwa taipisti katika jengo la karibu, hakurudi nyumbani. Tangu siku hiyo kila kitu mama hununua huku kwetu, na hata kuhitimu kwangu alikuona kwenye picha. Ukimsihi, anakujibu kwamba macho ni ya Mungu.

Basi nikawa msomaji wake. Kila jioni baada ya chai nilisoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Askari alipomshika msichana kiuno, nikakohoa na kufunua ukurasa.

"Mbona umeruka?"

"Hapo hakuna kitu, mama."

"Kama hapo hakuna kitu, wewe ulitoka wapi? Rudi."

Nikarudi. Na kusema kweli, haukupita muda nikajikuta shuleni, katikati ya somo la ushairi, nikijiuliza kama yule askari atajitokeza. Kilichonishangaza ni mama. Mtu aliyeukimbia mji kwa ajili ya bomu, hamu ya kusikia habari za bomu aliitoa wapi? Nilipomuuliza, aliniambia niache maneno mengi nisome.

Kikundi chake cha maombi hukutana kwetu kila Alhamisi. Akina mama hutaja haja zao, kisha huombewa. Mama kwa kawaida huomba mvua. Siku hiyo akasimama, uso umekunjamana kwa huzuni.

"Kuna msichana mmoja wa ofisi. Ako na shida. Watu wabaya wanamfuata, na kijana mwenye anampenda hajajitokeza."

Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, nusura niiangushe. Wale mama waliomba mpaka madirisha yakatetemeka. Na desturi yao ni kwamba haja ya mtu haichimbuliwi. Unaulizia tu maendeleo. Kila Alhamisi wakaulizia. Mwenyekiti alitaka kujua kama kijana ameshatuma wazee kwao. Mwingine alikuja na unga na sukari, tumpelekee msichana wa watu. Mama alipokea, akashukuru kwa niaba yake.

Hapo ndipo nilipoona pa kumbania. Bomu likiwa chini ya stesheni ya treni, vidole vya msichana vikiwa juu ya vitufe, nikafunga kitabu.

"Mwisho tutausomea kwa daktari wa macho."

"Wewe ndio gaidi," mama akasema, akaenda jikoni.

Alijaribu kuazima miwani ya jirani, haikusaidia. Alhamisi ikafika, na mwenyekiti akauliza, "Msichana wetu anaendeleaje?" Mama akanitazama. Nikaendelea kumimina chai. Kudanganya ndani ya maombi hawezi, namjua.

"Sijui," akasema hatimaye. "Nitajua nikienda mjini."

"Basi enda!" wakasema wote, na papo hapo wakaiombea safari.

Mlangoni mwa jengo la daktari, mlinzi alipitisha kifaa chake juu ya mkoba wa mama bila hata kuutazama.

"Fungua uangalie," mama akamwambia.

"Iko sawa, mama."

"Haiko sawa. Angalia na chini. Toa hiyo kitambaa."

Foleni ikarefuka nyuma yetu, mtu akasonya. Mlinzi alipekua mpaka akakitoa kitabu, akamwona mchungaji na mkewe, akakirudisha kwa mikono miwili. Hapo tu ndipo mama alipokubali kuingia. Lifti aliikataa. Tulipanda ngazi, amenishika mkono njia nzima.

Tulipokaa kungojea, nikasoma. Msichana akabonyeza vitufe mbiombio, bomu likanyamaza, askari akatamka yaliyomkwama kifuani. Mzee mmoja kando yetu, aliyejifanya anasoma gazeti, alishusha pumzi.

"Umeona?" nikamtania mama. "Maombi yamejibiwa."

Hakucheka. Alikuwa akipapasa kitabu mapajani mwangu, pale penye uso wa mchungaji.

"Mdogo wangu pia alikuwa anapiga taipu haraka," akasema. "Haraka hata kuliko huyu. Ni vile tu hakuna mtu alimwambia kuna bomu."

Muuguzi akaita jina lake. Mama akasimama kabla sijamshika mkono, akaniachia mkoba, akaingia peke yake.