Fundi Aliyeipiga Vita Asidi

Mtaani walimwita Dakta, ingawa kazi yake ilikuwa kushona suruali. Ukimpelekea nguo aweke zipu, ulirudi na zipu pamoja na ushauri wa tumbo ambao hukuuomba. Adui yake alikuwa asidi. Alisikia redioni kwamba asidi ndiyo chanzo cha maradhi yote, na kwa vile kiungulia kilikuwa kikimsumbua, ushahidi alikuwa nao kifuani.

Dawa yake ilikuwa magadi, kijiko kwenye glasi ya maji. Akicheua, aliwageukia wateja: "Mmesikia? Asidi hiyo, inahama nyumba!" Kiungulia kikapungua, naye akazidisha vijiko. Hakuona sababu ya kusimamisha vita wakati anashinda.

Mkewe aliona mabadiliko. Mume aliyezoea kufoka sasa alisema polepole na kupumua kwa utulivu, kama mtu aliyestaafu. Mama wa watu akashukuru kimoyomoyo.

Asubuhi moja, Dakta akikata kitambaa cha sare, vidole vikakakamaa kwenye mkasi. Akavuta, wapi.

"Njoo! Mkasi umenishika!"

"Umekushika, au umeushika wewe?" Mkewe alikuja akicheka. Kicheko kikamwishia pale mumewe alipomtazama machoni na kumwita shangazi.

Hospitalini, daktari, binti wa umri wa mtoto wao wa kwanza, alisoma majibu ya damu, akauliza, "Mzee, unakunywa nini?"

"Magadi, mwanangu. Naondoa asidi."

"Umeiondoa kweli. Damu ina kiwango chake. Asidi ikizidi ni ugonjwa, ikipungua mno nao ni ugonjwa. Wewe umevuka hadi upande wa pili, ndiyo maana misuli inakaza na akili inapotea."

"Mbona amekuwa akipumua vizuri tu, taratibu?" mkewe aliuliza.

"Mama, hewa tunayoitoa hubeba asidi. Mwili wake ulikuwa unaibana hewa hiyo makusudi, ili walau asidi kidogo ibaki."

Dakta alitafakari. "Kumbe mapafu yangu mwenyewe yalikuwa upande wa adui!"

"Yalikuwa upande wako, mzee. Wewe ndiye hukuwepo upande huo."

Alitundikiwa dripu ya maji ya chumvi na potasiamu, magadi yakapigwa marufuku, vidole vikalegea. Kipimo cha tumbo kikaonyesha kidonda, ambacho magadi yalikuwa yakikinyamazisha tu. Akapewa dawa zake, akapona.

Siku hizi mteja akilalamika tumbo, fundi hukata uzi kwa meno na kusema, "Nenda hospitali." Watu wananung'unika kwamba ugonjwa umemfanya mchoyo. Wengi wamehamia kwa kinyozi jirani yake, mtu mkarimu, ambaye juzi kasikia mahali kwamba mwili wa binadamu una upungufu wa siki.