Nassor na Kibali cha Hakimu

"Kibali cha hakimu kiko wapi? Nibebwe tu kama kuku wa mnadani?"

Nassor alikuwa anafoka mbele ya lifti, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka la Tianxiu, kidole karibu kiingie puani mwa askari wa Kichina.

"Kaka Nassor, shusha kidole," alisema Kissa, muuza jinzi wa pale pale, ambaye ndiye aliyekuwa anamtafsiria. "Anataka paspoti tu."

"Iko hotelini! Mwambie."

"Nimeshamwambia. Anasema basi twende kituoni."

Nassor akatazama saa. Kontena linafungwa saa kumi kule kwenye ghala la kago, Sanyuanli, na mapazia yake, mzigo wa miezi mitatu, bado yako nje. Akienda kituoni, meli inaondoka bila mapazia.

Huyu Nassor ni mtu wa Tanga, mwaka wa tisa huu yuko Guangzhou, na Kichina chake kinaishia kwenye bei. Ila sheria anazijua, za kwenye simu. Wiki nzima alikuwa anaangalia wakili mmoja akichambua jinsi maofisa wa uhamiaji wa Marekani wanavyokamata watu, na kila aliyekaa naye mezani alisomewa sheria hizo.

"Bila kibali wanakukamata pale tu wanapoona huna haki ya kuwepo nchini, na kwamba utatoroka kabla kibali hakijatoka. Mfafanulie!"

"Hiyo ya Marekani, we mwanaume! Hapa huna paspoti mfukoni, unaondoka nao. Hakimu hata hapigiwi simu."

Nassor akawaza. Akaketi sakafuni, akavua viatu, akavua na soksi, akamkabidhi askari vyote.

"Mwambie afande ashike. Mtu peku anatorokea wapi? We shika ufunguo, kimbia hotelini, paspoti iko chini ya mto wa kitandani."

Askari akabaki na viatu mkononi, hajui aviweke wapi. Watu wakatoa simu, wakarekodi. Masikio yakamwiva yule askari. Akasema kitu.

"Dakika ishirini," Kissa akatafsiri, tayari yuko kwenye ngazi. "Na uvae soksi, zinanuka!"

Kissa alirudi na paspoti dakika ya kumi na nane, anahema. Askari akafunua kurasa, viza ikakutwa hai, akamwachia kwa onyo: siku nyingine atembee nayo.

"Umeona, dada Kissa? Sheria imefanya kazi."

"Sheria gani? Miguu yangu ndiyo imefanya kazi!"

Lakini Nassor alishaingia kwenye lifti, anampigia kelele mtu wa kago asithubutu kufunga mlango wa kontena, yuko njiani.