Aliyeitika Ndani ya Darubini

Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, amalize, halafu anisikilize. Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu ni kutafuta kwa nini kitu hakiwaki, na karibu kila mara sababu huwa ndogo tu: waya umekatika, panya ametafuna, mtu amefunga vibaya. Sioni mashetani kila kona. Hata kanisani wananijua, wakianza habari za wachawi mimi naangalia saa. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi kwenye migodi, na sijaongeza hata neno.

Kwanza niwaeleze darubini yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa. Aliniachia mhandisi mmoja mgeni niliyemfanyia kazi, mkataba wake ulipokwisha. Si zile za kushika mkononi. Ni bomba pana linalonifika kifuani, limekaa juu ya sanduku la mbao linalozunguka. Chini kabisa ndani ya bomba kuna kioo cha mviringo, upana wake kama sahani ya bukari, yaani ugali. Juu ni mdomo wazi. Mwanga wa nyota unaingia mdomoni, unashuka hadi kwenye kioo, unarudi juu, na kioo kingine kidogo kinautupa ubavuni, ambako kuna lenzi. Kwa hiyo mtu hatazami mdomoni, anatazama ubavuni. Wageni wote huwa wanakosea hapo mara ya kwanza, nami huwacheka.

Kuitunza ndiyo kazi. Vumbi la Kasulo mnalijua, na kama hamlijui basi shukuruni, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kioo kikichafuka usikifute na kitambaa, utakikwaruza. Mimi nakiosha kwa maji ya betri wanayouza gereji, yale matupu yasiyo na asidi, na tone la sabuni, halafu nakiegemeza kikauke chenyewe. Mdomo naufunika kwa beseni la mke wangu Kapinga, na hilo beseni tumegombana juu yake hadi majirani wamechoka. Jioni za kiangazi naitoa nje mapema, jua likizama, ili kioo kipoe kilingane na hewa. Usipofanya hivyo nyota zinaonekana kama zinachemka. Niliimwagia sakafu ndogo ya saruji uani ili isimame imara. Katika kiwanja chetu hapo ndipo mahali pekee pasipokuwa na nyumba, jiko wala choo.

Na hapo hapo ndipo shemeji yangu Trésor alipotaka kuchimba.

Trésor ni mdogo wake Kapinga, wa mwisho kwao. Mama yao alifariki Trésor akiwa bado ananyonya, Kapinga akambeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe ni msichana mdogo, kwa hiyo alikuwa mdogo wake na mtoto wake. Aliishi kwetu, na kazi yake ilikuwa kuchimba kobalti kwenye mashimo ya watu. Hapa Kasulo watu wamechimba chini ya majiko yao, chini ya vitanda vyao. Kila siku aliniandama, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, mawe iko pale chini ya sima yako. We unaangaria juu kila siku, na bitu byote biko chini!"

Mawe ndiyo kobalti, na sima ni ile saruji. Alikuwa mcheshi, huwezi kumkasirikia. Mwisho nikakubali. Kapinga hakupenda, lakini Trésor alijua kumbembeleza dada yake. Wakapatana kwamba Jumapili ikipita, darubini ihame, kazi ianze.

Jumamosi jioni nikaitoa kwa mara ya mwisho kwenye ile saruji. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na anga lilikuwa safi ajabu. Baridi ya kiangazi, ile inayofanya pumzi itoke mdomoni kama moshi. Kapinga na Trésor walikuwa ndani wanakula, namsikia Trésor akimtania dada yake kwamba bukari yake inaweza kujenga nyumba. Nikaelekeza bomba kwenye Msalaba wa Kusini, maana ndizo nyota anazozipenda Kapinga, nikaweka jicho.

Nyota ikaruka.

Sikushangaa sana. Darubini inakuza kila kitu, hata mtikisiko. Lori la madini likipita barabarani nyota zinacheza. Lakini hakukuwa na lori. Nikaondoa mikono, nikakaza skrubu, nikasubiri. Upepo hakuna. Nyota inaruka, inaruka, inaruka, inatulia. Halafu tena. Mtu yeyote aliyewahi kulala Kasulo anaujua mwendo huo: ni mtu aliye chini ya ardhi, anapiga nyundo kwenye patasi, anapumzika, anapiga tena.

Sasa niulizeni: nani alikuwa anapiga? Shimo lililokuwa karibu ni la jirani yetu, na taa za shimo hilo nilizifunga mimi. Nilijua linaishia wapi. Lilikuwa mbali na ukuta wetu, na siku hiyo halikuwa na mtu.

Nilikuwa nimepiga magoti, kiganja juu ya saruji, niliposikia hodi. Kijana mmoja alikuwa amesimama ndani ya lango. Taa ya kichwani mwake imezimika, na nguo zake zimejaa matope mabichi, yanang'aa. Matope, katikati ya kiangazi! Niliona, sikufikiri. Nani anafikiri mgeni akiwa mbele yake?

"Jambo, tata. Mi niko natafuta mwenzetu mumoja."

"Trésor? Eko nakula," nikamwambia. "Kuya kwanza uangarie musalaba."

Ndivyo nilivyo, anayeingia kwangu lazima atazame. Nikamwonyesha lenzi. Hakuigeukia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba, akashika ukingo kwa mikono miwili, akainama hadi uso ukaingia ndani. Wachimbaji hufanya hivyo. Anayebaki juu kushika kamba huinama mdomoni mwa shimo, huita jina, na aliye chini lazima aitike. Asipoitika, juu wanaanza kulia.

Mimi hasira zikanipanda. Kwenye baridi vile, mtu akipumua ndani ya bomba kioo kinafunikwa na ukungu, na jioni yako imekwisha.

"We! Usipumue mule, utaniharibia kioo!"

Nikawasha tochi ya simu nione hasara. Yeye akaita, kwa nguvu zake zote: "Trésor! Trésor eee!"

Na ndani ya bomba, kutoka chini, chini sana kuliko urefu wa bomba lenyewe, sauti ikajibu: "Niko, yaya! Niko huku!"

Ilikuwa sauti ya Trésor. Niaminini au msiniamini, ilikuwa yake. Na wakati huo huo, nyuma yangu, ndani ya nyumba, Trésor alikuwa anacheka na chakula mdomoni.

Yule kijana akainua kichwa, ametulia, kama mtu aliyemaliza alichotumwa. "Bon," akasema. "Alisha kuitika."

Nikamulika ndani ya bomba. Kioo kilikuwa safi. Aliita kwa kifua chote, uso wake ulikuwa mule mule ndani, na hakukuwa na ukungu hata kidogo. Nikainama nione vizuri zaidi, na pumzi yangu mimi ikakifunika kioo chote papo hapo. Hapo ndipo nilipoelewa: yule aliyeita hakuwa mtu mwenye pumzi. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Lango letu ni la bati, halifunguki bila kelele, na sikusikia kelele. Kwenye ukingo wa bomba yalibaki matope mabichi, vidole kumi.

Nilipiga kelele, sioni haya kusema. Wakatoka wote wawili. Trésor akayatazama matope, akacheka. "Yaya, baridi ilikuingia mu kichwa."

Kapinga hakucheka. Alimshika mkono, mkono ambao bado ulikuwa na bukari. "Uape. Mu hii parcelle hautachimba."

"Mu hii parcelle, hapana. Naapa."

Na alishika neno lake. Katika kiwanja chetu hakuchimba kamwe. Alikwenda kuchimba kwa jirani, kwenye lile shimo nililolifungia taa. Tulimsihi, akasema kiapo kilikuwa cha kwetu, si cha mtaa mzima. Sisi nasi tukatulia kidogo. Tulisahau kwamba ukuta uko juu tu. Chini hakuna ukuta, watu wanafuata mawe yanakoelekea, na mawe yalielekea kwetu.

Halafu siku moja aliyeshika kamba aliita, hakuitikiwa. Udongo ulikuwa umeshuka. Watu walichimba hadi wakaanza kuhofia nyumba zao, halafu shimo likafungwa. Walipoivuta kamba yake, wakatoa kina cha shimo na kuinyoosha iliyobaki juu ya ardhi upande alikokuwa akichimba, ilipita ukuta, ikaishia kwenye saruji yangu. Hakutolewa. Kapinga alilala juu ya ile saruji akiita.

Kiangazi kilichofuata niliitoa darubini mara moja. Nikaweka jicho kwenye Msalaba. Nyota inaruka, inaruka, inaruka, inatulia. Nikaufunika mdomo kwa beseni, nikairudisha ukumbini, na huko iko.

Kwa hiyo, ninyi mnaoishi juu ya mashimo, sikilizeni. Nyota yako ikiruka na hakuna lori, funika bomba, ingia ndani, na chini ya nyumba yako pasichimbwe. Na kokote uliko, mdomoni mwa darubini usiite jina la mtu. Utaitikiwa. Ukishaisikia sauti ya mtu wako, nani atakushika usishuke?

Namwambia Kapinga hayo hayo. Ameniomba mara nyingi: "Umuite tu mara moja. Nisikie sauti yake. Mi siombi kitu ingine." Nakataa kila mara. Siku hizi haombi tena. Beseni analichukua mwenyewe, analiosha, analirudisha mahali pake bila ugomvi. Jana jioni nilirudi kazini mapema, nikalikuta beseni liko sakafuni, naye ameshika ukingo wa bomba kwa mikono miwili, ameinama.