Nani Aliifunga Biashara ya Mke Wangu?

Biashara ya mke wangu ilikuwa imefungwa kwa miezi mitatu, na mwenyewe alikuwa nyumbani anakoroga sabuni.

Nililijua hilo siku ya Jumanne, mwezi wa tano, nikiwa nimesimama mbele ya dirisha namba tatu la ofisi ya kodi, faili la buluu kwapani.

"Mzee, hii biashara haipo," karani aliniambia, macho yake kwenye kompyuta.

"Haipo vipi? Nimetoka huko sasa hivi. Nimeiacha inatoa povu."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka. Karani hakucheka.

"Imefungwa tangu mwezi wa pili. Namba ya mlipakodi imesimamishwa. Na leseni inayoitegemea namba hiyo nayo haina nguvu tena."

"Imefungwa na nani?"

"Kuna barua."

"Ya nani?"

"Jalada liko masijala, mzee. Andika maombi ya kuliona. Siku saba za kazi."

Siku saba! Nilichokuwa nimekifuata ni hati ya kutodaiwa kodi, na nilikuwa na siku tatu tu. Zahanati kubwa ya jirani ilikuwa inatafuta mtu wa kuipelekea sabuni ya maji mwaka mzima, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Mke wangu alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kama mkulima anavyosubiri mvua.

Karani akaniinamia kidogo. "Na nikupe ushauri wa bure. Kama bado mnauza, acheni. Mnauza bila leseni."

Bila leseni. Mimi!

Naomba nijieleze, ili uelewe kwa nini maneno hayo yalinikata kama mkasi.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha uandishi wa barua za ofisi na utunzaji wa majalada. Nyumbani kwangu hata risiti ya betri ina mahali pake.

Mke wangu alipojifunza kutengeneza sabuni, alitaka kuanza kuuza wiki ileile. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba biashara ya nyumbani ni biashara kama nyingine, na kwamba serikali haina macho ya kutofautisha duka la barabarani na pipa lililo stoo.

Tukasajili kwanza jina. Jina la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine, tukatafuta la pili. Tukaomba namba ya mlipakodi. Tukaomba kibali cha kuendesha biashara katika nyumba ya makazi, na mwenye nyumba akakiri kwa maandishi kwamba ameridhia. Akaja mkaguzi, akapima dirisha la stoo, akanusa, akaagiza tuongeze dirisha jingine. Sampuli ya sabuni ikapelekwa kupimwa. Leseni ikatoka mwishoni.

Miezi minne! Mke wangu alikoroga hewa miezi minne.

Karatasi zote nilizijaza mimi. Yeye kazi yake ilikuwa kusaini. Mahali pa sahihi niliweka alama ndogo ya penseli, msalaba mwembamba, naye alisaini juu ya msalaba huku mkono wa pili umeshika mwiko.

"Husomi?" nilimuuliza mara moja.

"Nimeolewa na msomaji, nisome ya nini?"

Nilifurahi. Nakiri hapa kwamba nilifurahi sana.

Faili hilo la buluu nilikuwa nalo hata chuoni. Wanafunzi huelewa upesi wanapoona karatasi halisi kuliko za kubuni.

Jirani yetu wa ukuta wa pili ni fundi wa nguo. Mtaa mzima humwita Mama Cherehani. Alishonea barazani kwake, akaimba huku akishona, na hakuwa na karatasi hata moja. Alipoona leseni yetu imetundikwa ukutani ndani ya fremu, alishika kiuno.

"Mwalimu wa mapovu! Sabuni yenu imesoma kunishinda mimi!"

"Na wewe kasajili chako, dada. Nitakusaidia."

"Nikipata nafasi. Sare za shule haziningoji."

Basi, tuliishi hivyo. Mke wangu na yeye walikuwa mashoga wa kupitishiana chumvi na habari juu ya ukuta.

Hadi siku ya mfereji.

Maji tuliyosuuzia mapipa yalipita chini ya ukuta, yakaingia uani kwake, yakalowanisha furushi la mashati meupe ya wanafunzi. Mashati yakapata mabaka ya kijani ya rangi ya sabuni. Siku hiyo hakuimba.

"Mwalimu!" alipaza sauti. "Makaratasi unayo, mfereji huna! Iko siku nitakwenda hukohuko ofisini kwenu niwaulize kama leseni yenu inaruhusu kunifulia mashati bila kutumwa!"

Mke wangu alicheka, akampelekea sabuni, wakayafua pamoja. Mimi niliahidi kuchora ramani ya mfereji.

Ramani niliichora. Mfereji sikuuchimba.

Sasa rudi nami nyumbani siku ile ya Jumanne. Mke wangu alikuwa stoo, barakoa usoni, anakoroga upande mmoja kama inavyotakiwa. Nilimweleza. Mwiko ukasimama katikati ya pipa.

"Imefungwa? Na nani?"

"Kuna mtu kaandika barua."

"Mtu gani?"

Nilinyoosha kidole kuelekea ukutani.

Akavua barakoa. "Shoga yangu? Hawezi."

"Si ulimsikia kwa masikio yako? Alisema atakwenda ofisini."

"Alisema kwa hasira ya mashati, Mwalimu! Mimi mwenyewe nimeshasema nitakuchoma na pasi. Nimekuchoma?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimjibu, kwa sauti ileile ninayoitumia darasani.

"Subiri basi tuione hiyo barua."

Lilikuwa neno la busara. Sikulisikiliza.

Jumatano asubuhi niliandika barua kwa afisa biashara. Aya tatu, kila aya na hoja yake, pambizo sawa pande zote. Nilieleza kwamba katika nyumba fulani kuna shughuli ya ushonaji inayoendeshwa bila usajili, bila namba ya mlipakodi na bila leseni. Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana niliiandika kwa raha namna ile. Sikuweka jina langu. Mke wangu sikumwambia.

Alhamisi saa nne walikuja watu watatu na gari dogo la mizigo.

Nilikuwa mlangoni pangu, nimejifanya napangusa viatu. Walimuuliza Mama Cherehani leseni. Akawaambia hana. Walimuuliza namba. Akawaambia anayo ya simu tu. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Wakaibeba cherehani, sindano bado imeuma ukosi wa shati, uzi ukifumuka nyuma yao hadi getini.

"Nani kawaambia?" aliuliza.

"Hatujui, mama. Tumeletewa barua," alisema mkubwa wao, na akaongeza, kama mtu anayesifia chakula, "Barua nzuri kweli. Imepangika."

Mama Cherehani aligeuka taratibu. Akanitazama mimi na kiatu changu.

"Mtaa huu," alisema, "barua nzuri anaiandika mtu mmoja tu."

Nikainamia kiatu, nikaendelea kukipangusa.

"Ungeniambia, Mwalimu. Si kazi yako kufundisha?"

Nyuma yangu mke wangu alikuwa amesimama na ndoo. Alikuwa amesikia yote. Aliiweka ndoo chini, akaingia ndani, na chakula cha mchana siku hiyo kila mtu alijipakulia.

Ijumaa saa sita ikapita. Sabuni ya zahanati ikaenda kwa mtu mwingine.

Jalada lilifunguliwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mke wangu alisema lazima twende wote. Karani alituketisha kwenye benchi, akalamba kidole, akafunua kurasa moja baada ya nyingine.

"Hii hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kuona mwandiko wa Mama Cherehani. Nilishaanza hata kusikitika kwa ajili yake.

Barua ilikuwa imepigwa chapa. Chini yake palikuwa na sahihi, na sahihi hiyo ilikuwa ya mke wangu.

Nikamgeukia. "Wewe?"

"Mimi?" Alininyang'anya karatasi. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya biashara yetu, nilimwona mke wangu akisoma. Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

Akafika mwisho. Akaweka ukucha chini ya sahihi yake.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

Kilikuwa kimsalaba chembamba cha penseli.

Kisha akaupandisha ukucha hadi kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, palipoandikwa kwa penseli hiyohiyo: Z/4.

"Hiyo tulidhani ni kumbukumbu namba yenu," karani alisema.

Haikuwa kumbukumbu namba. Ilikuwa Zoezi la Nne.

Kila mwaka, mwezi wa pili, huwapa wanafunzi wangu zoezi hilo: andika barua ya kuijulisha ofisi ya kodi kwamba biashara imefungwa. Baada ya kusahihisha, huwaonyesha barua ya mfano. Mwaka huu niliiandika nikiwa na faili la buluu mezani, nikatumia jina na namba ya mke wangu, kwa sababu sikupenda kubuni namba. Namba ya kubuni, kwangu, ni kosa. Nikaweka kimsalaba, kuwaonyesha wanafunzi mahali pa sahihi. Kipindi kilipoisha, nikairudisha karatasi ndani ya faili. Mimi situpi karatasi.

Jioni yake nilimletea mke wangu fomu za mwaka. "Saini penye msalaba."

Akasaini kila penye msalaba.

Kesho yake nilizipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, nikadai zigongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ulikuwa pale juu ya barua, wa buluu, umenyooka.

"Turekebishe basi," nilimwambia karani.

"Mtaanza upya. Maombi mapya, ukaguzi mpya. Kufungua kilichofungwa kwa sahihi ya mwenyewe ni safari ndefu, mzee."

Tulitoka. Ngazini mke wangu aliniuliza jambo moja tu.

"Ile nguo uliyosema ina kikulacho, ni ya nani?"

Nilishuka ngazi moja, nikahamishia faili kwapa la pili.

"Sabuni niachie mimi," alisema. "Wewe nenda kamwambie. Leo. Na usiende na barua."

Mama Cherehani alikuwa barazani, anashona vifungo kwa mkono. Mahali pa cherehani palikuwa na alama nne sakafuni, nyeupe, za miguu yake. Nilisimama kati ya alama hizo kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nilimweleza kila kitu: zoezi, msalaba, faili, muhuri. Nilimweleza barua ya pili, ambayo alikwisha kuijua.

Alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo sabuni yenu umeiua kwa barua, halafu ukaja kuniua mimi kwa barua nyingine."

"Ndiyo."

"Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Unajua watoto wangapi walipima kwangu?"

"Sijui."

"Wameshakwenda kwingine."

Nilimwambia kwamba nitamfanyia kila kitu: jina, namba, kibali, leseni. Nitajaza fomu zote, yeye atasaini tu.

Aliinua uso. Nadhani hapo ndipo alipokaribia zaidi kunipiga.

"Nisaini tu?"

Akanyoosha mkono. "Lete penseli."

Nilikuwa nayo mfukoni, mahali pake pa siku zote. Nikampa. Akaichomeka kwenye nywele zake, chini ya kitambaa.

"Fomu nitajaza mwenyewe. Nisipoelewa neno, nitakuuliza, utanieleza, utanyamaza. Msalaba wako sitaki kuuona."

Ndivyo tulivyofanya. Foleni zote tulisimama pamoja, watatu, kwa sababu mke wangu naye alikuwa anaanza upya. Kila fomu waliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, wakibishana, na karani wa dirisha namba tatu akawa anajua sauti zao. Mimi nilishika mkoba.

Cherehani ilirudi baada ya wiki tano, gurudumu limepinda. Leseni yake ameitundika barazani kwa pini ya kushonea. Sabuni ya mke wangu inauzwa tena, ingawa si kwa zahanati.

Mfereji nimeuchimba. Sikuuchora kwanza.

Lakini nyimbo sizisikii tena upande ule. Na asubuhi tunapokutana, Mama Cherehani hunisalimu kwa heshima zote: "Mwalimu." Basi, hapo tu. Mapovu ameyaondoa. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakuja kuyakosa.

Wewe unayeanzisha biashara nyumbani, sajili. Katika hilo sijabadilika. Chukua leseni, lipa kodi, tunza kila karatasi. Lakini usisaini ulichosomewa na mwingine, hata kama ni mumeo, hata kama ni mwalimu. Na wewe mwenye kujua kusoma na kuandika, kabla hujampelekea mtu barua, mgongee mlango kwanza.

Wazee walisema mdhaniwa ndiye kumbe siye. Nimeufundisha msemo huo miaka ishirini na miwili, na kila mwaka niliweka alama ya vema kwa waliouandika sawasawa.